Watoro wa Rabai na Mateka wa Kisauni

Gari la abiria likishavuka Daraja la Nyali na kukiacha kisiwa cha Mombasa nyuma, haupiti muda makanga anaanza kuita, "Kengeleni! Wa Kengeleni!" Wanaoshuka hapo huwa na haraka zao. Kuna wa sokoni Kongowea, kuna wa vibaruani Nyali, kuna wa kubadilisha gari waende Bamburi na Mtwapa. Kando ya barabara, katikati ya honi na wachuuzi, umesimama mjengo mfupi wa mawe wenye tao, na juu yake kengele. Wazee wa Frere Town husimulia kwamba kengele hiyo ilipigwa kila ilipoonekana dalili ya watu waliokuja kuwakamata wakazi na kuwarudisha utumwani.

Habari za kengele hiyo zikisimuliwa, majina yanayotangulia ni ya Waingereza: Sir Bartle Frere, aliyembana Sultani wa Zanzibar akomeshe biashara ya watumwa, Mchungaji William Salter Price, aliyenunua shamba Kisauni, na mabaharia wa meli za kivita waliokamata majahazi baharini. Hayo yalitokea kweli na yana haki ya kusimuliwa. Lakini anayeishia hapo atadhani uhuru uliletwa na meli ukashushwa gatini kama shehena. Upande wa pili wa habari hii ni wa watu walioondoka mashambani usiku, kwa miguu yao, bila ruhusa ya mtu, wakakata vichaka mpaka Rabai, Jomvu na Fuladoyo. Hao ndio waliowabana wamishonari, mabalozi, kampuni na mabwana zao wenyewe mpaka hati za uhuru zikaandikwa. Walifanya hivyo bila jeshi, bila mfadhili, na mara nyingi kinyume cha amri za hao hao wanaosifiwa leo kuwa wakombozi.

Utumwa wa pwani ulikuwa wa zamani, ila karne ya 19 uliongezeka na kubadilika sura. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliwang'oa Mazrui katika utawala wa Mombasa. Karafuu ilikuwa imeshashika Unguja na Pemba, na kuanzia miaka ya 1860 mashamba makubwa ya nafaka yakafunguliwa Malindi, huku Mazrui wa Takaungu nao wakilima kwa nguvu kazi ya watumwa. Wengi wa watu hao walitoka mbali, kwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wangindo, wakapitishwa Kilwa na kupakiwa majahazini. Kisauni, Changamwe, Mtongwe na Likoni hakukuwa na mashamba ya ukubwa wa Malindi. Yalikuwa makonde na minazi ya jamaa wa mjini, waliovuka maji kwa mtumbwi kwenda kukagua, na watumwa wao wakabaki shambani wakilima sehemu ya bwana na sehemu ya kujilisha.

Njaa nayo ilileta utumwa wa karibu zaidi. Katikati ya miaka ya 1880, wakati wa njaa ambayo Wamijikenda waliiita Mwakisenge, wazazi wa bara waliwaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula wa mwambao. Mtoto aliyewekwa kwa vibaba vya mtama hakurudi nyumbani kwa urahisi. Kuna waliokombolewa na ndugu zao mvua iliporudi, na kuna waliouzwa.

Marekani haikuwa mbali na haya kama ramani inavyoonyesha. Mwaka 1607 Waingereza walianzisha makazi ya Jamestown, Virginia, na mwaka 1619 Waafrika zaidi ya ishirini, walioporwa kutoka meli ya Wareno iliyokuwa imewachukua Angola, walishushwa Point Comfort katika koloni hiyo hiyo. Miaka mia mbili baadaye pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ilikuwa ikifumwa katika viwanda vya Massachusetts, jimbo ambalo mahakama zake zilikuwa zimeshaukataa utumwa tangu miaka ya 1780. Kutoka bandari ya Salem nguo hiyo ililetwa Zanzibar, ambako iliitwa merikani. Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, akafika Unguja akiwa balozi mdogo wa nchi yake.

Merikani ikawa fedha ya misafara. Ilinunua pembe za ndovu, ilinunua chakula njiani, ililipa hongo ya kupita katika nchi za watu, na ilinunua watu. Jasho la mtumwa wa Georgia liliingia katika nguo ambayo, upande wa pili wa dunia, ilibadilishwa kwa kijana wa Nyasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikajaza pengo madukani Zanzibar. Biashara ya watumwa haikungoja hata siku moja.

Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akiwa ametumwa na Church Missionary Society ya London, CMS kwa ufupi. Mkewe Rosine na mtoto wao walifariki mwaka huo huo wakazikwa upande wa Kisauni, ng'ambo ya mji. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai, kwenye vilima vya Mijikenda. Kwa miaka mingi misheni ile ilikuwa na waumini wa kuhesabika. Rebmann alikaa pale karibu miaka thelathini, akiandika kamusi na kupoteza nuru ya macho yake kidogo kidogo.

Walioibadilisha Rabai walitoka India. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, baadhi ya waliookolewa walipelekwa Bombay, na vijana wakawekwa Sharanpur, karibu na mji wa Nashik, ambako Price aliwaanzishia makao na mafunzo. Walijifunza Kiingereza, uhunzi, useremala na ualimu. Mwaka 1864, miaka kumi kabla ya Kisauni kuwa na misheni ya mateka, William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai na wake zao kumsaidia Rebmann, na George David naye akafanya kazi pamoja nao. Hawa walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakavuka bahari mara mbili, na sasa wanarudi upande wa kwao wakiwa na ufundi mikononi. Kwao penyewe, huko Uyao na Nyasa, wengi hawakufika tena.

Wenzao wa Nashik ndio waliokuwa katika msafara uliobeba maiti ya David Livingstone mwaka 1873 na mwanzoni mwa 1874, kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Jacob Wainwright aliisindikiza mpaka London na kuhudhuria mazishi Westminster Abbey Aprili 1874. Matthew Wellington, Myao ambaye jina lake la utotoni lilikuwa Chengwimbe, aliishi Mombasa mpaka alipofariki mwaka 1935. Waliokulia mtaa wake walimjua kama mzee wa jirani.

Januari 1873 Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, aliingia Zanzibar na ujumbe wa serikali ya Uingereza. Sultani Barghash bin Said alikataa kwanza. Tarehe 5 Juni, baada ya kutishiwa kufungiwa bandari kwa manowari, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mkataba haukumwachia huru hata mtumwa mmoja aliyekwisha kuwa shambani. Bwana wa Kisauni au wa Likoni aliamka tarehe 6 Juni na watumwa wake wale wale, na kadhi aliyatambua madai yake kama jana.

Frere aliishauri CMS ifungue makazi ya watu watakaonaswa na manowari, na mfano wa makazi hayo ulikuwa Afrika Magharibi. Freetown, Sierra Leone, ilijengwa mwaka 1792 na watu weusi wapatao 1,200 waliokuja kutoka Nova Scotia. Wengi wao walikuwa watumwa wa makoloni ya Marekani waliotoroka mabwana zao wakati wa vita vya uhuru wa nchi hiyo na kukimbilia upande wa Waingereza. Kwa hiyo ramani ya makazi ya Kisauni, ukiifuatilia nyuma, inafika kwa watoro wa Virginia na Carolina. Price aliwasili Mombasa Novemba 1874, akanunua ardhi Kisauni, akaiita Freretown kwa jina la Frere. Waafrika zaidi ya mia moja wa Bombay waliletwa kufungua vichaka, kujenga, kufundisha na kutafsiri. Septemba 1875 manowari Thetis ilishusha zaidi ya watu mia mbili waliookolewa majahazini, wengi wao vijana na watoto.

Maisha ya Freretown yalipangwa kwa kengele. Watu walipewa viwanja vidogo vya kulima mihogo na mahindi, wakafanya kazi za misheni kwa ujira, watoto wakalala mabwenini na kwenda shule. Walibatizwa majina mapya, mengine ya Biblia na mengine ya wafadhili wa Uingereza ambao hawakuwahi kuonana nao. Mmakua aliishi mlango mmoja na Mngindo, Mnyasa akaoa Myao, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwa watoto wa wazazi ambao lugha zao hazikusikilizana. Wenyeji wa Mombasa waliwaita mateka, na wao wenyewe baadaye wakajulikana kama Wamisheni.

Uhuru wao ulikuwa na msimamizi. Waafrika wa Bombay, waliokuwa na elimu ya kutosha kuandika barua London, walilalamikia mishahara na jinsi wazungu walivyowadharau kwa kuvaa suruali na kusema Kiingereza. J. R. Streeter, msimamizi aliyesifika kwa kuchapa kazi, alichapa watu pia. Viboko na kifungo vilitumika Freretown mpaka habari zikafika Zanzibar na London, uchunguzi ukafanyika, naye akaondolewa. Ni jambo zito kulisema juu ya mahali palipojengwa kwa jina la ukombozi, lakini waliochapwa walikuwa watu wazima waliokuwa wamekwisha kuvuliwa minyororo mara moja, na haki yao ya kukumbukwa ni kubwa kuliko sifa ya misheni.

Sasa watoro. CMS ilipanga kupokea watu walioletwa na manowari, wenye karatasi za ubalozi. Haikupanga kupokea mtumwa wa shamba la Changamwe anayebisha hodi alfajiri na mkewe nyuma yake. Kisheria huyo alikuwa mali ya mtu, na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliwaagiza wamishonari waziwazi: watoro warudishwe. Kirk alikuwa adui wa biashara ya watumwa na alifanya mengi kuikomesha. Lakini hakutaka ugomvi na Sultani wala na wenye mashamba wa Mombasa.

Watoro walikuja hata hivyo. Walikuja kwa sababu walisikia kwamba ng'ambo kuna watu weusi wanaoishi bila bwana, na habari hiyo ilitosha. Mwaka 1880 watu wa mjini Mombasa, wakiongozwa na wenye watumwa, walitishia kuvuka maji na kuivunja Freretown, na misheni ikakaa siku kadhaa ikingoja shambulio. Wasiwasi huo ndio ulioipa kengele ya Kisauni umaarufu wake. Shambulio halikuja, lakini wamishonari walikuwa wameonywa, na watoro wakaelewa kwamba Freretown iko karibu mno na mji.

Wakasogea bara. Rabai ikawafaa zaidi, kwa kuwa ilikuwa juu vilimani katikati ya Wamijikenda, na kiongozi wake alikuwa Mwafrika. William Jones alijua watoro wanajiandikisha kama wageni huru. Alijua pia amri za Kirk. Alibatiza, akafungisha ndoa, akagawa mahali pa kujenga. Misheni za Wamethodisti za Ribe, iliyoanzishwa na Thomas Wakefield mwaka 1862, na Jomvu, mwendo mfupi kutoka Changamwe, zikapokea wengine. Na kuna waliokwenda mbali zaidi ya misheni zote, wakajenga vijiji vyao msituni wenyewe kwa wenyewe. Kijiji cha Fuladoyo, nyuma ya Takaungu, kilikusanya watoro na Wagiriama walioukubali Ukristo bila mzungu kukaa nao. Mwaka 1883 watu wa mabwana walikivamia, wakamkamata kiongozi mmoja wa waumini, David Koi, wakamchinja. Fuladoyo haikufa kwa hilo. Watoro walirudi wakajenga upya.

Mwaka 1885 askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi Freretown. Miezi michache baadaye Hannington alifunga safari ya kwenda Buganda, na Jones akaenda naye. Askofu aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones ndiye aliyewakusanya wapagazi waliosalia na kuwafikisha Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto alirudi akiongoza msafara uliopoteza mkuu wake, na kazi iliyomngoja nyumbani ilikuwa ile ile: watu wapya mlangoni, usiku.

Marekani ilikuwa na mlango kama huo. Mei 1861, vita vikiwa na wiki chache tu, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipiga kasia usiku mpaka ngome ya Fort Monroe, Virginia. Ngome hiyo imejengwa Point Comfort, pale pale waliposhushwa Waafrika wa mwaka 1619. Bwana wao alimtuma mtu kuwadai kwa mujibu wa sheria ya watoro ya 1850. Jenerali Benjamin Butler akakataa kuwarudisha, akidai ni mali ya adui iliyotekwa vitani. Hoja hiyo haikuwatambua kuwa ni watu. Ilitosha hata hivyo kuufungua mlango, na mpaka vita vinaisha watu mamia ya maelfu walikuwa wameacha mashamba ya kusini na kuvuka kwenda upande wa majeshi ya kaskazini. Tangazo la Rais Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 lilikuta wengi wao wamekwisha ondoka.

Rabai ilipata tarehe moja Januari yake miaka 26 baadaye. Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilipokea kutoka kwa Sultani madaraka ya kutawala mwambao, na msimamizi wake George Mackenzie alipofika Mombasa akakuta mji umewaka hasira. Wenye mashamba walidai misheni zimejaa watumwa wao. Price alirudi kutoka Uingereza kusaidia kupatanisha. Ukaguzi ulipofanywa wamishonari wenyewe walishtuka: watoro walikuwa mamia kwa mamia, wengine wakiwa na miaka mingi kijijini, wameoa, wana watoto, wanaimba kwaya na kulima mashamba yao. Kuwarudisha kungehitaji jeshi. Kuwaacha kungeleta vita na mji. Mackenzie akachagua fedha: mabwana walipwe reale 25 kwa kila mtoro, na watoro wapewe hati.

Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, hati hizo ziligawiwa. Watoro walioandikwa kwa jumla ya vituo vyote walikuwa 1,421. Kampuni, misheni na serikali ya Uingereza zilichanga malipo.

Inafaa kusimama hapo na kuangalia nani alilipwa. Bwana alilipwa kwa mtu aliyempoteza. Mtoro aliyelima miaka kumi au ishirini bila ujira hakupewa hata reale moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wengine. Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya 1833, lilitenga paundi milioni 20 kwa ajili ya mabwana. Mji wa Washington ulipowaachia watumwa wake Aprili 1862, wenye watumwa walilipwa mpaka dola 300 kwa kila mmoja. Kila penye daftari la fidia, jina la mtumwa limo katika safu ya mali.

Hati za Rabai hazikumgusa aliyebaki shambani. Serikali ya Uingereza ilipochukua mwambao kutoka kwa kampuni tarehe 1 Julai 1895, mwakilishi wake, Sir Arthur Hardinge, aliwaahidi wakuu wa Mombasa kwamba dini na desturi zao zitaheshimiwa, na utumwa ulihesabiwa humo. Mwaka huo huo vita vikazuka na Mazrui, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akapigana mpaka 1896 alipovuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani. Serikali iliyokuwa imejinasibu kwa kukomesha utumwa ikazidi kuogopa kuwaudhi wenye mashamba waliobaki watiifu. Unguja na Pemba mahakama ziliacha kuutambua utumwa Aprili 1897. Mombasa ilingoja miaka kumi zaidi.

Katika miaka hiyo kumi, watu hawakungoja. Reli ya Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896 ikipitia Changamwe, na palipo na ujira pana njia ya kuondoka kwa bwana. Watumwa walijiandikisha upagazi, wakaenda bara na hawakurudi. Wamisheni wa Freretown na Rabai, waliojua kusoma na kuandika, wakawa makarani, wakalimani, walimu, mafundi na watu wa telegrafu katika stesheni mpya. Sheria ya kufuta hadhi ya utumwa ilipoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1907, wengi waliokuwa na nguvu za kutembea walikuwa wamekwenda zao. Sheria hiyo nayo iliwalipa mabwana.

Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyoamua maisha ya wajukuu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ya mwambao aje ayathibitishe. Aliyekuwa na karatasi, mashahidi, wakili na muda alipata. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Mtumwa wa jana aliyeendelea kulima pale pale alipolimishwa na bwana, Kisauni, Changamwe au Likoni, hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa minazi aliyoipanda. Mmijikenda aliyeshuka kulima kando yake hakuwa na karatasi pia. Wote wawili wakageuka maskwota, watu wa kukaa kwa hisani ya mwenye hati.

Wamarekani weusi waliyajua haya. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwagawia walioachiwa huru mashamba ya hadi ekari 40 katika mwambao wa South Carolina, Georgia na Florida, na watu wapatao 40,000 wakaingia kulima. Lincoln aliuawa Aprili. Kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameamuru mashamba yarudishwe kwa wenyewe wa zamani. Marekebisho ya 13 ya katiba yalithibitishwa Desemba 1865, na watu karibu milioni nne wakawa huru kisheria, wengi wao wakirudi kulima kwa kugawana mavuno na yule yule waliyemlimia kwa kiboko.

Freretown yenyewe ilififia kama makazi ya mateka. Manowari hazikuwa na wa kuwashusha tena, na CMS ikageuza macho kwenda Uganda na nyanda za juu za Kenya. Kanisa la Emmanuel lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880 bado linasaliwa. Chuo cha wachungaji kilichofunguliwa pale mwaka 1903 kilihamishwa Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St Paul's. Watoto wa Freretown wakasambaa Kenya nzima. Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilijulikana na kila nyumba yenye redio na ambaye kipindi chake kiliwauliza Wakenya kama mambo fulani ni uungwana, alizaliwa huko mwaka 1940 katika ukoo wa watu waliotekwa Nyasa.

Ukoo huo pia ndio uliotuachia maandishi yenye thamani kuliko ripoti zote za mabalozi. James Juma Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu chembamba cha Kiswahili kinachosimulia safari ya kizazi cha wazazi wake: kutekwa, msafara, jahazi, manowari, na mwisho Kisauni. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina msingi, kwa kuwa sauti ya shule ya misheni inasikika kila ukurasa. Hata hivyo ni mwana wa mateka anayesimulia habari za mateka kwa lugha ya mateka, na katika pwani nzima hakuna vitabu vingi vya namna hiyo. Watoro wa Rabai, Jomvu na Fuladoyo hawakupata Mbotela wao. Habari zao zimo katika barua za watu waliokuwa wakiandika kuomba maelekezo ya jinsi ya kuwafukuza.

Suala la ardhi halijafungwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliitaja ardhi ya Pwani miongoni mwa dhuluma kubwa za kihistoria nchini, na Likoni, mwaka 2016, serikali ilianza kutoa hati kwa wakazi wa shamba la ekari 930 baada ya mgogoro wa miaka mingi. Katika migogoro kama hiyo, mahakamani na kwenye tume, kinachoshinda ni karatasi. Pa kuulizia kuhusu kumbukumbu za kale papo: Makumbusho ya Krapf yako Rabai, kwenye kanisa la zamani, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi Fort Jesus. Familia ya Frere Town, Jomvu, Ribe au Rabai iliyo na cheti cha ubatizo cha babu, hati ya uhuru iliyokunjwa ndani ya Biblia, au mzee anayekumbuka jina la kijiji ambacho mama yake alitorokea, isiache mwaka huu uishe kabla ya kupiga nakala ya karatasi hizo na kumrekodi mzee huyo.